Noti moja moja hadi okestra

SWALI: Katika filamu A Clockwork Orange (1971), muziki wa mtunzi Purcell wa mazishi ya Malkia Mary wa Uingereza (1695) unavuma kama okestra ya umeme. Mwanamuziki Wendy Carlos aliupigaje kwa sinthesaiza (ala inayounda sauti kwa umeme)?

JIBU: Kwa subira kubwa, ndugu msomaji. Moog, sinthesaiza yake ya enzi hizo, ilitoa noti moja tu kwa wakati, hata ukibonyeza vitufe vitatu. Kodi ya noti nne, yaani noti nne zinazolia pamoja, ilipigwa mara nne, kila noti kwenye njia yake ya tepu. Adha ilikuwa tuni: osileta (saketi zinazozalisha sauti) zikibadilika joto, sauti inahama, unasimamisha tepu, unatuni upya.

Ukitaka mlio wa tarumbeta wa muziki huo kwa programu ya leo, tumia wimbi la msumeno (wimbi la sauti lenye umbo la meno ya msumeno) na filta (kichujio cha sauti) inayofunguka ndani ya sekunde 0.1. Ikifunguka papo hapo, utapata mlio wa kinanda tu.