Kupanua barabara kuu hakumalizi foleni

Ndugu, umeuliza kwa nini tunapinga kuongezwa kwa njia kwenye barabara kuu ilhali foleni inaonekana kwa macho. Njia mpya huleta nafuu ya muda mfupi tu, kisha waliokuwa wakipanda treni au wakiahirisha safari nao hutoa magari yao saa zilezile. Katy Freeway ya Houston, Marekani, ilipanuliwa hadi njia 26 katika baadhi ya sehemu, ukihesabu na zile za pembeni, kazi ikakamilika mwaka 2008. Miaka michache baadaye foleni ilikuwa imerudi palepale. Seoul, kwa upande wake, ilianza mwaka 2003 kubomoa barabara ya juu ya Cheonggyecheon, ikafukua kijito kilichozikwa chini yake na kuyapa mabasi njia zake, wala jiji halikusimama.