Filamu ya plastiki zenye sumu: anzia chumbani, Dandora utafika baadaye

Nimesoma swali la ndugu yetu wa mtaa wa Umoja. Ana simu yenye kamera nzuri, anataka kutengeneza filamu ya makala kuhusu vyombo na mikeka ya plastiki yenye sumu inayouzwa hapa Nairobi. Anauliza aanzie wapi, na kama filamu inaweza kubadilisha lolote ama atakuwa anatwanga maji kwenye kinu. Wengi mmemjibu kwa neno moja: Dandora, yaani lile jaa kuu la taka la Nairobi. Mimi nimetengeneza makala za mazingira kwa miaka kadhaa, zingine kwa malipo na zingine kwa mkopo wa sacco, na ushauri huo naupinga.

Si kwamba Dandora hakuna habari. Jaa lile lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001 na malori bado yanapanda. Mwaka 2007 UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ilitoa utafiti uliopima watoto 328 wa karibu na pale, na nusu yao walikutwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubalika kimataifa. Habari ipo, tena nzito. Lakini kila mwenye kamera aliyepita Nairobi ameshawapiga picha wale ndege, ule moshi na yule mtoto wa gunia. Wenyeji wamechoka, na ukifika wanakuuliza kwanza unalipa ngapi. Wana haki. Halafu mtazamaji wa South B anaangalia, anasema "maskini", anarudi kula chipsi za moto kutoka kwenye mfuko wa plastiki. Umemwambia kwamba sumu inakaa kwa watu wengine.

Hapo ndipo ugumu wa somo lako ulipo: sumu ya plastiki haina sura. Kumbuka marufuku ya mifuko ya plastiki. Tangazo la serikali lilitoka Februari 2017, likaanza kazi tarehe 28 Agosti mwaka huohuo, na adhabu ya kutisha: faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, ama kifungo cha hadi miaka minne. Watu walilalamika wiki chache wakazoea. Kwa nini lilipita? Kwa maoni yangu, kwa sababu mfuko ulikuwa unaonekana. Ulikuwa kwenye miti, kwenye mitaro iliyoziba, na madaktari wa mifugo walikuwa wakiutoa kwenye matumbo ya ng'ombe machinjioni. Picha ya tumbo la ng'ombe haihitaji msimulizi. Sasa niambie, kemikali iliyo ndani ya mkeka wa sakafuni utaipigaje picha? Ukijibu swali hilo una filamu. Usipolijibu, utakimbilia jaa, maana jaa linaonekana.

Ushauri wangu ni uchague kitu kimoja cha nyumbani ukifuate hadi mwisho wake. Mimi ningechagua huo mkeka wa plastiki unaokatwa kwa mita, wenye picha ya mbao ama marumaru, ambao umejaa bedsita zote kuanzia Kayole hadi Githurai. Mwingi ni wa PVC, aina moja ya plastiki. PVC yenyewe ni ngumu kama bomba la maji. Ili ikunjike inaongezwa kemikali za kulainisha, na zilizotumika sana kwa miaka mingi ni za jamii ya thaleti. Thaleti hazijafungwa kikemia na plastiki. Zinahama polepole kama mafuta ya mandazi yanavyohamia kwenye gazeti: zinaingia kwenye vumbi, kwenye mikono ya mtoto anayetambaa, kwenye chakula chenye mafuta. Baadhi yake huvuruga homoni. Ndiyo maana Ulaya mwaka 2005 ilipitisha sheria inayozuia thaleti kadhaa kwenye vitu vya kuchezea watoto zisizidi asilimia 0.1 ya uzito, na Marekani ikafuata kwa sheria ya mwaka 2008. Mwanasesere analindwa huko. Mkeka ambao mtoto wa Kayole analamba siku nzima hauna mwenye kuuliza.

Na ukirudi nyuma zaidi, hadi kiwandani, PVC inatengenezwa kwa gesi ya vinili kloridi, ambayo imethibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 1974 ilijulikana wazi kwamba wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha Louisville, Marekani, walikuwa wakipata saratani adimu sana ya ini. Ukienda mbele, hadi siku mkeka unapochakaa na kuchomwa nyuma ya ploti, moshi wake unatoa asidi ya hidrokloriki na dioksini, kemikali zenye sumu kali. Kwa hiyo kitu kimoja kinakupa kiwanda, bandari, duka, chumba cha mtoto na mwisho jaa. Dandora utafika, lakini utafika ukiwa umembeba mtazamaji kutoka sebuleni kwake.

Njia hii haikuanzia kwangu. Mwaka 2002 Judith Helfand na Daniel B. Gold walitoa filamu ya makala iitwayo Blue Vinyl, iliyoanza na vinili, yaani PVC hiyohiyo, ya kufunika kuta za nje za nyumba ya wazazi wa Helfand kule Long Island, kisha ikafuata vinili hiyo hadi Louisiana na Venice. Usiige mtindo wao, wao wana wazazi wao na utani wao. Chukua tu ule ujasiri wa kuanzia nyumbani kwako.

Sasa tuje kwenye kuifanya sumu ionekane. Kuna jaribio la zamani la wanakemia ambalo kamera inalipenda sana. Chukua waya mnene wa shaba, ushike kwa koleo, uchome kwenye moto wa gesi mpaka usitoe rangi yoyote. Ukiwa bado wa moto, gusisha kwenye plastiki ili kipande kidogo kishike, kisha urudishe motoni. Moto ukigeuka kijani kikali, hapo kuna klorini, na kwa vitu vya namna hii maana yake karibu kila mara ni PVC. Fanya nje, kipande kidogo kabisa, watoto wakae mbali, na usisimame upande moshi unakoelekea. Niliwahi kufanya hivyo mbele ya mafundi wa jua kali pale Kamukunji, na wale waliokuwa wakinicheka walinyamaza, kisha kila mmoja akaleta kitu chake: ala ya kisu, kandambili, kitambaa cha meza. Ile ndiyo sehemu pekee ya filamu ambayo watu bado wananiambia wanaikumbuka.

Ila uwe mkweli. Moto wa kijani unasema "klorini", hausemi "sumu". Ukitaka zaidi kuna kifaa cha XRF, kinachoshikwa mkononi kama ile bastola ya kusomea bei supamaketini. Ndani ya dakika moja ama mbili kinakuonyesha klorini, bromini, risasi na kadmiamu. Kinafaa sana kwa plastiki nyeusi: vijiko, sahani, vitu vya kuchezea. Baadhi hutengenezwa kwa magamba ya televisheni na kompyuta kuukuu yaliyosagwa, na magamba hayo yalitiwa kemikali za bromini za kuzuia moto, ambazo kadhaa zimepigwa marufuku chini ya Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa kuhusu kemikali sumu zinazodumu. Lakini XRF haioni thaleti, hiyo lazima iende maabara, na maabara ni pesa. Kabla ya kutoa pesa zako zungumza na watu wa CEJAD, shirika la hapa Nairobi linaloshirikiana na mtandao wa kimataifa wa IPEN kwenye mambo haya ya kemikali ndani ya bidhaa. Hawatakufanyia filamu, lakini watakuzuia kusema upuuzi mbele ya kamera. Kwenye filamu yenyewe taja ulichopima na ambacho hukupima. Mwenye kampuni atatafuta tundu moja tu.

Kuhusu watu. Kuna mama mmoja wa kibanda huku Eastlands niliyemrekodi akipika githeri. Alifunika sufuria kwa karatasi ya plastiki, akaweka kifuniko juu, na jiko alikuwa ameliwasha kwa vipande vya chupa za plastiki. Nilimwuliza, "Mama, hii karatasi huoni inaweza kuleta shida?" Akaniangalia. "Kijana wangu, karatasi inashika mvuke, maharagwe yanaiva mapema. Makaa unajua ni pesa ngapi siku hizi? Wewe niletee kitu kingine kinashika mvuke, hii nitatupa leo." Jibu hilo nililiacha lote, bila kulikata na bila kumwekea mtaalamu wa kumrekebisha. Filamu nyingi za mazingira zinamkaripia mama wa kibanda kwa sababu yeye ndiye anapatikana. Aliyetengeneza, aliyeagiza kutoka ng'ambo na aliyeruhusu ipite bandarini hawapatikani, simu zao zinapokewa na sekretari. Sasa kazi yako ni kuwatafuta hao, na ukiwakosa, onyesha unavyowakosa.

Hapo Katiba inakusaidia. Ibara ya 35 inakupa haki ya kupata habari, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 za kukujibu. Andika barua yenye swali moja ama mawili mafupi: je, mikeka ya PVC inayoingia nchini inapimwa thaleti? Kama ndiyo, matokeo yako wapi? Peleka mwenyewe, hakikisha nakala yako imepigwa muhuri. Ofisi moja niliyoiandikia ilikaa kimya kama maji mtungini. Nikairekodi ile nakala yenye muhuri na tarehe, na ukimya wao ukawa jibu ndani ya filamu. Ukinyimwa, kuna Tume ya Haki ya Utawala ya kupokea malalamiko. Ibara ya 42 nayo inakupa haki ya mazingira safi, na ya 70 inakuruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba wewe binafsi umeumia. Hizi zitaje kwenye filamu, kwa maneno ya kawaida, kwa sababu mtazamaji wa ploti hajui kwamba ana mlango huo.

Upande wa pili wa sheria: filamu ya kuonyeshwa hadharani inahitaji leseni chini ya Sura ya 222, sheria ya Kenya ya filamu na michezo ya jukwaani, kaunti nayo ina ada zake ukirekodi barabarani, na kabla ya kuonyesha kuna bodi ya uainishaji wa filamu. Kero, lakini ukiwa unagusa biashara za watu usiwape sababu rahisi ya kukuzima. Kashfa kama kosa la jinai mahakama iliiondoa mwaka 2017, lakini kesi ya madai bado inaweza kukumaliza. Jina la bidhaa lisionekane mpaka uwe na cheti cha maabara mkononi. Sura ya mwenye duka mdogo ifiche hata akikukubalia. Ana kodi ya kulipa.

Je, inabadilisha kitu? Televisheni haikunipa mengi. Kilichonipa ni maonyesho ya uani: projekta ya kuazima kanisani, shuka jeupe kwenye kamba ya nguo, saa mbili usiku mama wakishamaliza kupika. Mara moja, huko Kayole, filamu iliisha na mazungumzo yakaenda mpaka ikakaribia saa tano. Dada mmoja akauliza, "Sasa nitoe mkeka mtoto atambae kwa simiti?" Uwe na jibu la swali hilo kabla hujawasha projekta. Langu lilikuwa: usiutoe kesho, pangusa vumbi kila siku kwa kitambaa chenye maji, fungua dirisha hasa ukiwa mpya, mtandikie mtoto blanketi ama leso juu yake, na ukiuchoka usiuchome. Mwenye chekechea mmoja aliyekuwepo aliacha kuwapa watoto uji wa moto kwenye vikombe vya plastiki. Muuza jumla mmoja wa Kamukunji aliyeona kipande kwenye simu alimwuliza aliyemletea mzigo kama una karatasi za vipimo. Hazikuwepo, na mzigo aliuza. Lakini nadhani hilo swali lilikuwa halijawahi kuulizwa kwenye ile biashara.

Usisahau Gigiri pia, kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa. Azimio la kuandaa mkataba wa dunia kuhusu plastiki lilipitishwa hapahapa Nairobi Machi 2022, duru ya tatu ya mazungumzo ikafanyika hapa Novemba 2023, na ile ya Geneva ya Agosti 2025 ikaisha bila makubaliano. Mvutano mmoja mkubwa ni huu hasa wa kemikali zilizo ndani ya plastiki. Kwa hiyo kata toleo la dakika tano lenye maandishi ya Kiingereza chini kwa ajili ya wajumbe, na jingine la dakika tatu, Kiswahili na Sheng, la kupitishwa WhatsApp. Ukihitaji pesa za kumalizia, DocuBox wako hapa mjini na wanasaidia makala za Afrika Mashariki. Nenda na dakika chache zilizokwisha kurekodiwa, maana wazo tupu kila mtu analo.

Simu yako inatosha. Pesa uliyokuwa ununulie kamera nunua maikrofoni ya kubana shingoni, kwa sababu vyumba vya ploti vina mwangwi na matatu hazikosi kupiga honi katikati ya jibu zuri. Risiti ya mkeka uitunze pamoja na kipande chenyewe kwenye bahasha yenye tarehe, na urekodi wakati unaununua: wakili wa upande wa pili atauliza kwanza kama kilichopimwa ndicho kilichouzwa.