Hela ya Aprili mliila Februari

"Shangazi shikamoo. Mi ni mama wa watoto wawili naishi Mbagala. Mume wangu ni fundi rangi, mi nauza vitumbua asubuhi, siku nikiuza napata faida kama 6,000. Shida hela yake haina mpangilio. Novemba alileta laki saba, Desemba 850,000, Januari laki nne, Februari laki tisa, Machi 220,000, Aprili mvua ikapiga mwezi mzima akapata laki na nusu tu. Ile ya Februari alinunua tv na sabufa 550,000 hakuniuliza. Aprili mdogo akalazwa, nikakopa kausha damu, hii mikopo ya mtaani ya riba kubwa, laki mbili bila kumwambia, narejesha 9,000 kila siku kwa siku 30, nimefika nusu na mtaji wa vitumbua umekata. Julai kodi ya miezi sita 480,000 na hatuna hata mia. Kila nikikaa kupanga bajeti nashindwa maana sijui mwezi ujao kitaingia nini. Nifanyeje, na je niiuze tv akiwa kazini? Mama Wawili."

Marahaba mwanangu, pole na kuuguliwa.

Naanza na la tv maana najua ndo linakuwasha. Usiiuze kimya kimya. We mwenyewe una siri ya laki mbili ndani ya nyumba hiyo hiyo, sasa ukiuza tv ya mtu yuko juu ya ngazi anapiga rangi, akirudi hamtazungumza hela tena, mtazungumza heshima, na ile hesabu ya kausha damu itakuja kutoka siku mbaya kabisa mbele ya majirani huku jamaa wa rejesho amesimama mlangoni anaangalia cha kubeba. Cha kuuzwa kipo na nitakutajia, ila kiuzwe na mwenye nacho.

Sasa nimechukua kalamu nikajumlisha ulichoniandikia. Miezi sita mumeo ameleta 3,220,000. Gawa kwa sita ni kama 536,000 kwa mwezi. We ukiuza siku 22 ni 132,000. Jumla 668,000 hivi. Kula na matumizi madogo ya watu wanne, luku, maji, mkaa, nauli, nimekupigia 90,000 kwa wiki, utanirekebisha we unayejua jikoni kwako, hiyo kwa mwezi inakuja kama 390,000. Weka kodi 80,000, tuko 470,000. Inabaki karibu laki mbili kila mwezi kwa ajili ya shule, hospitali, michango na mengine. Yani mwanangu hela ipo. Haijai mkono lakini ipo, na fundi anayeleta hiyo hela sio mvivu hata kidogo, umwambie hivyo kabla hujamwambia kingine chochote.

Angalia Februari peke yake. Laki tisa zake na 132,000 zako ni kama 1,030,000. Mngetumia 470,000 za kawaida, kodi mkaiweka pembeni, mngebaki na 560,000. Machi mlipungukiwa kama 120,000, Aprili kama 190,000, jumla 310,000. Ile ya Februari ingefunika miezi yote miwili na bado mngekuwa na 250,000 mtoto anapolazwa. Badala yake zilizobaki zikaenda kwenye tv na sabufa, mkawa mmekula hela ya Aprili Februari, alafu Aprili mkaenda kuinunua tena kwa kausha damu.

Na kuinunua kwenyewe bei gani! 9,000 mara 30 ni 270,000 kwa laki mbili uliyopewa, yani 70,000 kwa mwezi mmoja, asilimia 35. Benki Kuu iliwawekea wakopeshaji wadogo ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi, we unalipa mara kumi yake. Alafu faida yako ni 6,000 rejesho 9,000, kila siku 3,000 inatoka kwenye mchele na nazi na mafuta ya vitumbua, na siku usiyouza inatoka yote, ndo maana mtaji umekata, hujakosea popote kwenye biashara. Nenda ofisini kwao uombe rejesho la siku lishuke liwe hata 5,000 na siku za kulipa ziongezwe, na uulize leseni yao iko wapi maana tangu sheria ya 2018 ya huduma ndogo za fedha mkopeshaji anatakiwa awe nayo, ukiuliza kwa adabu wengi wanalegea. Kitu kimoja tu nakukataza kabisa, usichukue mkopo mwingine wa kulipia huu, wala wa mtaani wala wa hizi app za kwenye simu, Benki Kuu yenyewe Novemba 2024 ilizitangaza 69 kwamba hazina kibali na bado watu wanapakua.

Twende kwenye swali lako lenyewe, unapangaje bajeti hujui kitaingia nini. Unakosea kwa sababu unapanga kilichoingia. Mtu wa mshahara anaweza kufanya hivyo, nyie hamuwezi. Nyie mnatakiwa mjilipe mshahara wenyewe. Kila shilingi inayoingia, iwe laki tisa au 40,000 ya kupaka geti la mtu, inaenda sehemu moja, alafu kila Jumamosi mnatoa 90,000 basi, hiyo ndo inaingia jikoni. Akilipwa milioni, Jumamosi ni 90,000. Asipopata kazi wiki tatu, Jumamosi ni 90,000. Mfuko ukionekana umebaki na hela ya mwezi mmoja tu mnashusha kuwa 75,000 hapo hapo bado hela ipo, sio mnasubiri iishe ndo mbane, watu wengi hubana wakiwa tayari hawana cha kubana.

Najua utaniambia Shangazi mfuko wenyewe mtupu. Ndio, kwahiyo Mei hii mnaishi kwa chini, hata 65,000 kwa wiki, dagaa na mchicha, na mtavumilia, maana masika inaisha na kuanzia Juni watu wanapaka nje ya nyumba na kuta zinakauka. Kazi kubwa ya kwanza ikija ndo mfuko unazaliwa. Siku hiyo hakuna kununua kiti wala simu, ila nunueni unga, mchele, maharage, sukari na dumu la mafuta la lita tano, kuchota mafuta ya kipimo dukani kila jioni kunawagharimu zaidi bila nyie kuona, na chakula kikiwa ndani hakuna shemeji atakayekikopa kwa meseji. (Jirani wa kuomba sukari yupo, huyo hatuna dawa yake.)

Mfuko ukae wapi? Sio kwenye laini anayopigia simu mafundi wenzie, hela ikionekana kwenye salio inatumika. Laini ya pili mnayoijua namba ya siri wote wawili, au akaunti ya benki isiyo na mbwembwe. Kibubu cha mbao ni kizuri kwa hela ya sikukuu ya watoto, kwa kodi hapana, mwizi anakibeba kizima.

Mchezo wa kutoa kila siku kwa kijumbe, yule anayekusanya hela za wote na kumpa mmoja mmoja kwa zamu, sikushauri kwa sasa. Mchezo unataka kiasi kilekile kila mara, na nyie kiasi kilekile ndo hamna, mkikosa siku tatu mnageuka wadaiwa, mbali na wale vijumbe wanaohama mtaa usiku. Kikoba kinawafaa zaidi kwa sababu unanunua hisa kulingana na wiki yako, wiki mbaya unanunua moja wiki nzuri unapanda hadi tano, na vingi vina mfuko wa jamii wa kusaidiana ugonjwa na msiba. Mkija kukivunja Desemba unakuta hela ya shule ya Januari hiyo hapo. Na ukishakuwa na wanawake wenzio mnaoaminiana, ulizeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata kuhusu ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri inakopesha vikundi, wanawake wametengewa asilimia nne yake na mkopo hauna riba. Inachukua muda na makaratasi ni mengi, ila huwezi kulinganisha na hao wa 9,000 kwa siku.

Sasa mumeo. Umeandika mistari mingi ya hela na mmoja tu wa yeye kutokukuuliza, na mi nimeusoma huo mmoja mara nyingi kuliko mingine. Mwambie kuhusu mkopo wiki hii. Sio usiku amerudi hana kitu, sio mbele ya watoto, tafuta Jumapili mchana ameshakula. Anza na la kwako: mtoto alilazwa, niliogopa, nilikopa, deni ni hili limebaki 135,000. Usianze na tv. Atakasirika, muache akasirike, na akituliza moyo muwekee ile hesabu ya Februari kwenye karatasi, aione mwenyewe kwa namba, mafundi wanajua hesabu, mtu anayekadiria debe ngapi za rangi kwa ukuta hashindwi kuelewa hii.

Hapo ndo mnaongea la sabufa. Maoni yangu sabufa iuzwe, tv ibaki. Aiuze yeye, kwa bei anayoijua yeye, hata ikipungua sana na ilivyonunuliwa hela yake ikamalizie rejesho, na itakayobaki irudishe mtaji wako wa vitumbua, kwa sababu hiyo 6,000 yako ndo kitu pekee kwenye hiyo nyumba kinachoingia kila siku. Mtaji ukirudi uwe na kopo lake, mtoto akitaka daftari usichote humo.

Alafu muulize taratibu kuhusu hela ya rangi. Mafundi wengi akipewa hela ya material na mteja wa Goba anakula nayo wiki, alafu anachukua advansi ya mteja wa Kigamboni kwenda kumalizia Goba, na Kigamboni anakuja kumalizia kwa hela ya mwingine, mpaka siku mteja hapatikani mnyororo unakatika na fundi anazima simu. Kama yumo humo, hizo laki tisa zenu za Februari huenda zilikuwa laki sita. Hela ya rangi sio hela yenu. Bora mteja anunue rangi mwenyewe dukani, yeye achukue ya ufundi tu, nusu mwanzo nusu mwisho.

Michango nisiisahau maana hujaitaja kabisa na najua ipo, hakuna nyumba ya Mbagala isiyo na kadi ya harusi juu ya kabati. Toeni ahadi ndogo mnazoweza kulipa, msiba mtoe mapema, harusi mtoe mkiwa nayo, na sare ya kitenge ya kitchen party ya binti wa jirani wa shemeji hiyo unaikosa na hufi. Ukishaandika 50,000 kwenye grupu la WhatsApp katibu hatakusahau, we andika 10,000 ukae kimya.

Imebaki kodi. Msisubiri Julai, nendeni kwa mwenye nyumba mwezi huu huu, wote wawili, mkiwa mmependeza kidogo. Msiombe kusamehewa, ombeni kubadilishiwa. Mkilipa miezi sita Julai, nyingine inaangukia Januari, na Januari una uniform, viatu, madaftari na michango ya shule, maana ada ya shule za serikali imefutwa tangu 2016 ila vingine vyote bado vinakudai. Mwambieni mtalipa miezi minne minne, 320,000. Julai, Novemba, Machi, alafu Julai tena, Januari hamuigusi kabisa, na Novemba na mwisho wa Februari kwa hesabu ulizoniandikia ndo mumeo huwa ana hela. Akisema hataki, mkumbusheni mumeo ni fundi rangi na ule ukuta wa mbele wa nyumba yake umechakaa.