Takriri na lile "suala zima"

SWALI: Maalim, mwanangu yuko darasa la sita hapa Wete. Kwenye insha kaandika: "Bahari imechafuka, bahari imekunja uso, bahari haitaki mgeni." Mwalimu kampigia mstari mwekundu, kaandika pembeni: "Umerudia neno." Kweli ni kosa?

JIBU: Si kosa, dada yangu. Hiyo ni takriri, kurudia neno kwa makusudi, na mtoto kaitia mahali pake. Bahari ya kwanza unaiona. Ya pili inakutazama. Ya tatu inakurudisha pwani. Neno lenyewe ni la Kiarabu, ndugu wa kariri, na hapo pametosha.

Mimi hupima hivi: ondoa kilichorudiwa, uone kama kuna kilichopungua. Chukua "Bandu bandu huisha gogo." Bandu moja ni pigo moja la shoka. Ya pili ndiyo inayokuonyesha mtu aliyeinama pale tangu alfajiri, kanzu kaifunga kiunoni, jasho linamchuruzika. Sasa sema "Bandu huisha gogo." Umeona? Gogo limebaki zima.

Na hilo zima ndilo linalonipandisha presha. Kama mwalimu ana wino wa kumwaga, naomba aumwage kwenye "suala zima la". Majuzi nilialikwa kikao cha usafi wa mji, nikawekewa kahawa na sahani ya tende. Kila msemaji alipolitamka, nikaweka kokwa moja ukingoni: suala zima la taka, suala zima la mitaro, suala zima la uelimishaji wa suala zima la taka (hapo niliweka mbili). Kahawa haijapoa, kokwa 17, na taka hakuna aliyezigusa.

Kwani siku nyengine huwa tunajadili suala nusu? Au wanaliulizia hali? Hujambo, suala? Zima, alhamdulillahi.

Liondoe basi. "Tumekutana kuzungumzia taka." Kimepungua nini, zaidi ya pumzi ya msemaji? Suala na swali asili yao moja. Kiswahili kikawagawia kazi, hili la kujadiliwa, lile la kuulizwa, wakaishi kwa amani mpaka walipokuja wenye vipaza sauti. Nikilalamika naambiwa, "Maalim, ule ni mkazo." Mkazo gani huo, mara 17 kabla ya saa nne?

Mwanao aziache bahari zake tatu kama zilivyo. Mwalimu msamehe, mstari mwekundu umezoea kwenda wenyewe.

Nami nazeeka, nimeanza kuchoka kugomba. Jana Darajani muuza pweza kaniambia, "Mzee wangu, tukija kwenye suala zima la bei, huyu 15,000." Nilitaka kumuuliza nusu yake ni kiasi gani. Jua lilikuwa kali, na nyuma yangu watu wanasukumana. Nikalipa, nikaondoka na pweza mzima.