Kaa koko: maswali kutoka Kigoma na Tabora

Nimeletewa majike wawili wa kaa koko, wale kaa wakubwa wa mikokoni, kutoka Tanga. Mmoja mkia wake wa tumboni ni kama pembetatu, wa mwenzake ni mpana na mweusi. Ni jamii mbili? (Tabora mjini)

Jamii ni moja, ila mmoja bado mwali. Mgeuze chali. Dume mkia wake ni mwembamba, umechongoka. Jike mchanga ana pembetatu pana, nyeupe-nyeupe. Akipevuka unakuwa nusu duara, unakolea weusi, unaota manyoya pembeni na kufunika karibu tumbo lote, maana ndipo mayai yatakapobebwa. Badiliko hilo haliji kidogo kidogo. Hutokea kwa mkupuo mmoja, siku anapovua gamba la kupevuka. Gamba wakati huo huwa na upana wa sentimita 10 hadi 12 hivi, ukipima kutoka mwiba wa mwisho wa kushoto hadi wa kulia. Umri usikusumbue: joto la maji na chakula huuharakisha au kuuchelewesha, kwa hiyo amini mkia, si kalenda. Kwa dume tazama magando, kwani akipevuka hukua kwa kasi kuliko mwili.

Nilinunua kaa mkubwa, kumpika nikakuta maji matupu. Nimeuziwa mgonjwa? (Kigoma, Mwanga)

Hapana, umeuziwa aliyetoka kuvua gamba. Gamba halinyumbuki, hivyo kaa hukua kwa hatua. Gamba la zamani hupasuka upande wa nyuma, naye hujitoa kinyumenyume, laini kama ngozi mbichi. Hapo hunywa maji na kufura, ndipo gamba jipya likauke na kuwa gumu. Nyama ya kujaza nafasi ile huja baadaye, kwa wiki kadhaa. Huyo wavuvi humwita kaa maji.

Kabla ya kulipa, bonyeza kwa dole gumba upande wa chini, karibu na mashina ya miguu. Pakibonyea, mwache. Wanenepeshaji wa pwani humfunga wiki 2 hadi 4, kila kaa chumba chake, wakimlisha mabaki ya samaki kiasi cha asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake kwa siku. Ukiwachanganya, mwenye gamba laini ataliwa usiku huohuo.

Ulaini huo ndio wakati wa kujamiiana pia. Dume humkumbatia jike siku kadhaa kabla hajavua gamba, humpanda akiwa laini, kisha humlinda mpaka akauke. Mbegu anazopokea jike huzitunza kwa miezi.

Nina eneo kando ya Ziwa Tanganyika. Nichimbe bwawa nifuge kaa koko wazaane? (Kigoma vijijini)

Usichimbe. Mkubwa huvumilia maji yenye chumvi kidogo, lakini kuzaa ni habari nyingine. Jike huacha mikoko akaelekea bahari kuu akiwa na mayai milioni moja au zaidi. Viluwiluwi vyake hupita hatua 6 kabla ya kuwa kaa, karibu mwezi mzima, katika chumvi ya gramu 30 hivi kwa lita. Ziwa Tanganyika halifiki hata gramu 1. Tena ziwa lina kaa wake wasiopatikana kwingine duniani. Mgeni mwenye magando yale asipelekwe huko.

Je, nikitia chumvi ya Uvinza, kilo 7 kwa pipa la lita 200? (Uvinza)

Hesabu yako ni sahihi: gramu 35 kwa lita, kama bahari. Kasoro iko kwenye chumvi yenyewe. Chumvi ya kula ni sodiamu kloridi karibu yote, wakati bahari ina pia magnesiamu, potasiamu na kalisiamu, ambayo ndiyo hukausha gamba. Viluwiluwi vitakufa. Hiyo ya Uvinza itafaa siku ya kumchemsha.

Chini ya mawe ya ziwa tunaona kaa wadogo wenye watoto tumboni. Ni watoto wa kaa koko? (Ujiji)

Hao ni kaa wa maji baridi. Wengi wa Tanganyika ni wa jenasi (kundi la jamii za karibu) iitwayo Platythelphusa. Mayai yao ni machache na makubwa, hakuna kiluwiluwi cha kuelea: yai likianguliwa hutoka kaa kamili, mama akambeba chini ya mkia kwa muda. Kwa hiyo huyo unayemwona mdogo kama kiberiti, ukikuta ana watoto, ni mtu mzima.