Kasuku wa milimani Nyuzilandi, nikimpa mkate kuna ubaya gani?

SWALI: Habari za kazi wahariri. Mimi ni mpishi wa misafara ya Kilimanjaro, nakaa Moshi. Dada yangu yuko Nyuzilandi kanialika, anasema lazima anipeleke milimani nikaone kasuku anaitwa kea, kanitumia na video ndege kakaa juu ya gari anang'oa raba ya kioo watu wanacheka wanamrushia chipsi. Na mimi nikimpa kipande cha mkate nipige naye picha kuna shida?

JIBU: Hongera kwa safari ndugu yetu, ila mkate usimpe kabisa. Wewe mwenyewe unawajua wale kunguru wa shingo nyeupe wa kambini wanavyofungua zipu za mabegi, na waliowazoesha ni sisi binadamu. Basi kea ana akili balaa. Watafiti walimwekea mitungi miwili ya vijiti vyeusi na vya rangi ya chungwa, cheusi ndo kinaleta chakula, mtu anachota kimoja kila mtungi anafumba mikono, na kea anachagua mkono uliotoka kwenye mtungi wenye uwiano mkubwa wa vyeusi. Hiyo ilitoka 2020.

Sasa akili hiyohiyo ndo inamponza. Ukimlisha mara moja tu anajua kwenye magari kuna msosi, anashinda barabarani na maegesho anagongwa, au anahamia kwenye majengo ya watu anaanza kutafuna misumari na mabati ya madini ya risasi ya mapaa ya zamani maana risasi ina utamu, inamuingia mwilini inamuua taratibu. Halafu akiharibu mali watu wanamchukia, na chuki hiyo ishawahi kumgharimu, serikali ilikuwa inalipa watu wamuue sababu ya kushambulia kondoo, wakauawa zaidi ya 100,000, ulinzi kamili kaupata 1986. Leo wanakadiriwa 3,000 mpaka 7,000 tu na wako Kisiwa cha Kusini peke yake. Inauma sana.

Kwa hiyo vioo vya gari mfunge, viatu vya buti na mabegi viingie ndani, na kabla ya kuwasha gari mchungulie chini ya uvungu. Picha utapata tu, hasa kwa wale wadogo wadogo, we tulia atakusogelea mwenyewe, na akiruka angalia chini ya mbawa uone lile chungwa lilivyokolea. Na dada mwambie hao wa chipsi awakataze.