Mshahara wa muuguzi Lubumbashi: maswali ya kuuliza kabla hujasema ndiyo

Wiki iliyopita mtoto wa dada yangu alikuja nyumbani Katuba na karatasi mbili mkononi. Amemaliza A1, yaani diploma ya uuguzi, pale ISTM, chuo chetu cha ufundi wa tiba, na kazi mbili zimemwita: hospitali ya Leta, yaani ya serikali ya Kongo, hapa mjini, na zahanati ya machimbo upande wa Kolwezi. Akaniuliza, "Mama mdogo, wapi wanalipa vizuri?"

Sikuweza kumjibu kwa neno moja. Nimeuguza watu miaka 17. Nimelipwa na Leta, nimelipwa na misheni, nimelipwa na machimbo, na kila mahali neno "mshahara" lilikuwa na maana tofauti. Niliyomwambia usiku ule nayaandika hapa, kwa sababu najua si yeye peke yake anayeuliza.

Kwa Leta, unachopata mwisho wa mwezi ni mafungu matatu. Kuna mshahara wenyewe, unaotoka Kinshasa. Kuna primu ya hatari, yaani nyongeza kwa hatari za kazi, nayo ni ya Kinshasa. Halafu kuna primu ya mahali, inayotoka kwenye sanduku la hospitali, yaani fedha wanazolipa wagonjwa. Mafungu mawili ya kwanza hayakufikii mpaka jina lako liingie kwenye orodha ya malipo, na tafadhali shika hili: kuwa na namba ya utumishi si kuwa kwenye orodha hiyo. Wapo wenzetu wanaopata primu ya hatari bila mshahara. Wapo wanaopata mshahara bila primu. Na wapo wengi wasiopata lolote kutoka Kinshasa, wanaishi kwa primu ya mahali tu.

Mimi niliishi hivyo miaka sita. Mwisho wa mwezi tulipanga foleni mbele ya mlango wa mhasibu, naye anatoa bahasha ya kaki iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi: pointi za cheo chako, siku ulizokosa, jumla. Daktari ana pointi zake, A0 (muuguzi wa shahada) zake, A1 zake, A2 (muuguzi wa sekondari) zake, hadi anayefagia wodi. Thamani ya pointi ilitegemea wagonjwa wamelipa nini mwezi ule. Septemba, wazazi wanapokimbizana na ada za shule, watu huvumilia homa nyumbani, na bahasha inakuwa nyepesi. Mwezi mmoja nilifungua yangu nikakuta faranga 22 000. Nilikuwa nimefanya gadi, yaani zamu, tisa za usiku. Nilikaa kwenye chumba cha kubadilishia nguo nikalia, kisha nikatembea kwa miguu hadi nyumbani kwa sababu nauli ingekula unga wa bukari.

Kwa hiyo unapoitwa hospitali ya Leta, usiulize tu "mnalipa ngapi?" Nenda pale siku moja kabla, tafuta muuguzi mwenye cheo kama chako, umuulize primu ya mahali ilikuwa ngapi Januari na ngapi Septemba. Uliza pia wangapi katika wodi yake wamo kwenye orodha ya Kinshasa, na walingoja miaka mingapi. Majibu hayo hayamo kwenye barua ya kazi.

Hapo ndipo mahali panapobadilisha mshahara. A1 wawili wa darasa moja, mmoja katikati ya Lubumbashi ambako kampuni zinawalipia wafanyakazi wao matibabu, mwingine kituo cha afya kule Kasenga kando ya Luapula: cheo ni kimoja, bahasha ni mbili. Ila sitamdharau yule wa Kasenga. Rafiki yangu alikuwa muuguzi mkuu wa kituo upande ule. Alipewa nyumba, akalima muhogo, samaki hakununua. Kilichomuumiza ni kufuata mshahara. Tangu Leta ianze kulipa kupitia benki mwaka 2011, wa vijijini wengi wanasafiri kufuata fedha zao, na nauli pamoja na malazi vinakula sehemu nzuri ya kile walichofuata.

Wenzetu wa Kivu wana hadithi nyingine. Huko fedha nzuri huja na mashirika ya misaada, na inaondoka nayo. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, waliochukuliwa na kikosi cha kupambana na ugonjwa walilipwa kwa dola, huku jirani zao wa kituo cha kawaida wakibaki na bahasha zao. Kwetu kusini, dola ni za shaba na kobalti.

Na dola ni jambo zito. Mwanzoni mwa 2016 dola moja ilikuwa faranga kama 930. Mwisho wa 2017 ilifika kama 1 600. Aliyelipwa faranga 100 000 alitoka kwenye dola 107 hivi akashuka hadi 62, bila mtu kumkata hata senti. Mwenye nyumba wangu alidai kodi kwa dola miaka yote hiyo. Kwa hiyo uliza: mnalipa kwa fedha gani? Na kama ni faranga, kwa kiwango cha siku gani?

Machimboni nilikwenda baada ya kuchoka na kalamu ya risasi. Walilipa kwa dola na kwa tarehe, nashukuru mpaka leo. Mtoto wangu wa kwanza alisoma kwa fedha ile. Lakini nilisaini nikitazama tarakimu moja tu, ile kubwa, na haikuwa ile ya kuingia mkononi. Kodi ilikatwa, na mchango wa CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, ukakatwa. Mkataba haukuwa wa machimbo yenyewe bali wa kampuni ndogo inayowapangisha wafanyakazi, ya mwaka mmoja, na saa za ziada hazikuhesabiwa. Nilipopata Sheria ya Kazi ya 2002 nikaisoma kwa utulivu: wiki ni saa 45, saa sita za kwanza zinazozidi zinaongezwa asilimia 30, zinazofuata 60, na siku ya mapumziko 100. Nilipeleka daftari langu la zamu, nikalipwa miezi mitatu kati ya saba.

Kwa Leta uzoefu unakuongezea polepole, kadiri cheo kinavyopanda. Kwa binafsi ni wewe unayeusema, tena kwa vyeti. Utaalamu ndio unaofungua mlango haraka, na kwa maoni yangu hakuna unaoushinda wa anestezi, yaani dawa za usingizi: hospitali nyingi za hapa muuguzi wa A1 ndiye anayemtia usingizi mgonjwa wa upasuaji, na bila yeye chumba kinafungwa. Wakunga wanafanya kazi nzito kuliko sisi sote na hawalipwi inavyostahili. Hilo linaniuma.

Jumatatu yule mtoto wa dada yangu alipiga simu Kolwezi. Aliuliza ya mkononi ni ngapi, kwa fedha gani, saa za ziada zinahesabiwaje, na mkataba ni wa nani. Matatu yalijibiwa palepale. La nne walisema watampigia. Nimemwambia asisaini mpaka wapige.